Mtu wa Mlangoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa chumba cha klorini uko wazi na feni inazunguka. Ndani, mwanamke aliyevaa barakoa ya gesi amepiga goti mbele ya mtungi wa chuma, spana mkononi. Nje ya kizingiti amesimama mwanamke wa pili. Mkono wake wa kulia uko kwenye swichi ya feni, na macho yake hayabanduki mgongoni mwa mwenzake.

Huyu wa pili hagusi mtungi, hashiki spana, haandiki chochote. Mgeni akipita anaweza kudhani anapoteza muda wa serikali. Hapa mtamboni nafasi yake inaitwa mtu wa mlangoni, na hakuna anayebadilisha mtungi kama hayupo.

"Umekaza?" anauliza.

"Nimekaza."

"Kaza tena. Hiyo si chupa ya soda."

Aliye ndani analowesha kitambaa kwa amonia na kukipitisha polepole kuzunguka shingo ya vali. Klorini ikiwa inavuja, kitambaa kitatoa moshi mweupe. Hakitoi. Anainua dole gumba. Aliye mlangoni anagonga kioo cha geji kwa ukucha, anasubiri sindano itulie, kisha anaitikia kwa kichwa. Maji yanaendelea kushuka kuelekea mjini.

Kugonga huko ndiko kulikompa jina. Wenzake wanamwita Mama Geji. Ana miaka hamsini na mmoja. Ameitumikia idara ya maji ya jimbo zaidi ya miaka ishirini, na kwa nusu ya muda huo amekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mwenzake wa ndani anaitwa Bi Harusi, kwa sababu aliripoti kazini siku tatu baada ya ndoa, akiwa bado amevaa viatu vya sherehe. Sasa ana watoto watatu na jina halijabadilika.

Leo ni siku ya kura. Watumishi 186 wa idara wanatakiwa kusema kama bado wanataka tawi lao liwepo.

Kura hiyo imeletwa na sheria mpya ya Baraza la Jimbo. Kwa sheria hiyo, tawi la watumishi wa umma lazima lipigiwe kura upya kila mwaka, na haliwezi kushinda kwa kupata wengi miongoni mwa waliojitokeza. Linahitaji zaidi ya nusu ya wote walio kwenye orodha ya mishahara. Asiyepiga kura anahesabiwa kuwa amekataa. Mgonjwa amekataa, aliye likizo amekataa, na aliye zamuni amekataa. Ada ya chama nayo haikatwi tena kwenye mshahara. Anayetaka kulipa ailete mwenyewe.

Idara inahitaji kura 94 za ndiyo. Kituo cha kupigia kura ni kimoja tu, makao makuu mjini, dakika arobaini kutoka mtamboni. Kinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Zamu ya Mama Geji ilianza saa kumi na mbili asubuhi na itaisha saa kumi na mbili jioni.

Zamuni wako watu sita: wawili kwenye pampu, wawili kwenye vichujio, wawili kwenye klorini. Wako wawiliwawili kwa sababu mkataba kati ya idara na chama unasema hivyo. Kifungu chenyewe ni kifupi: hakuna kituo cha mtambo kitakachoachwa na mtu mmoja. Tawi likianguka, mkataba unaanguka nalo, na kifungu hicho kinabaki kuwa hiari ya meneja.

Ndipo ulipo ugumu wa siku hii. Mtu mmoja akitoka kwenda kupiga kura, anamwacha mwenzake peke yake. Ili kukipigia kura kifungu, itabidi kwanza wakivunje.

Mama Geji anakijua kifungu hicho kwa sababu ambayo haimo kwenye mkataba. Miaka kumi na miwili iliyopita, zamu ya klorini ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume wake. Alikuwa anabadilisha mtungi, vali ikavuja shingoni, akaanguka kabla ya kuufikia mlango. Aliyemkuta sakafuni ni mtumishi wa zamu iliyofuata. Alimvuta kwa miguu hadi nje.

Mume alipona, lakini mapafu na koo havikurudi vilivyokuwa. Alistaafishwa kwa sababu za kiafya. Anaongea kwa mnong'ono, na ngazi tatu za kuingilia nyumbani kwake anazipanda kwa kupumzika katikati.

"Mimi ndiye mwanamume pekee mtaani asiyeweza kumfokea mkewe," anasema, kisha anacheka bila sauti.

"Hata ulipokuwa na sauti ulikuwa unaniogopa," anajibu Mama Geji kutoka jikoni.

Baada ya ajali hiyo idara iliunda kamati, na kamati ikaandika mapendekezo. Hakuna lililotekelezwa kwa mwaka mzima. Kifungu cha watu wawili kilipatikana mezani, kwenye majadiliano kati ya chama na idara, na chama kililazimika kuachia nyongeza ya mshahara ya mwaka huo ili kukipata. Mama Geji aliingia uongozi wa tawi kwenye majadiliano hayo.

Sheria mpya ilipofika barazani, mmoja wa wajumbe walioinua mkono kuiunga mkono alikuwa mdogo wa mume wake. Kwa Mama Geji huyo ni shemeji, na utani kati yao ni wa miaka mingi. Jumapili iliyofuata mjumbe alikuja kumsalimia kaka yake kama kawaida yake. Mama Geji alimpokea mlangoni.

"Karibu, shemeji. Leo utakula, au tupige kura kwanza?"

"Shemeji, usianze. Sijavua hata viatu."

"Vua tu. Ila waliobaki nyumbani kwao nimewahesabu wote kuwa wanakunyima chakula."

Mjumbe alicheka. Walipokaa, aliitetea kura yake, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema chama kinachodai kusema kwa niaba ya watu wote lazima kionyeshe kuwa watu hao wapo. Alisema yako matawi ambayo viongozi wake hawajaulizwa swali tangu walipochaguliwa, na fedha za makato zinaingia kila mwezi kama mvua isiyoombwa.

"Sawa," alisema Mama Geji. "Wewe mwenyewe ulichaguliwa na wangapi kati ya walioandikishwa?"

Mjumbe aliitazama sahani yake. "Kwa kanuni hiyo nisingekuwepo barazani," alisema. "Nakiri hilo. Lakini usalama wenu haujaguswa, shemeji. Sheria ya afya kazini ipo."

"Ipo. Ilikuwepo hata siku ile."

Kaka yake alisukuma bakuli la mchuzi upande wa mdogo wake, na mazungumzo yakahamia kwenye ada za shule.

Wiki ya kura, meneja wa mtambo alitoa maagizo mawili. La kwanza lilisema hakuna kubadilishana zamu hadi kura ipite. La pili lilisema mwanachama wa tawi asiye zamuni haruhusiwi kuingia mtamboni siku ya kura, ili kuzuia kampeni mahali pa kazi. Meneja ni mhandisi, anaongea taratibu, na anayajibu maswali yote anayoulizwa.

"Sikutunga sheria," anasema. "Nimeambiwa maji yasikatike na siasa isiingie mtamboni. Hayo mawili nimeyafanya. Sheria hainilazimishi kumtoa mtu zamuni akapige kura."

Kwa maagizo hayo mawili, hakukuwa na mwanachama ambaye angeweza kuja kushika nafasi ya mtu wa zamu hata kwa saa moja.

Saa tatu asubuhi, simu ya ndani inalia kwenye chumba cha klorini. Ni fundi wa pampu, mtu mwenye haraka ya kusema na kicheko kikubwa. Leo hacheki.

"Mama, sikiliza. Tutoke mmoja mmoja. Saa moja na nusu tu, kwenda na kurudi. Nani atajua?"

"Meneja atajua."

"Ajue basi! Atafanya nini? Atatufukuza sita?"

"Hatatufukuza. Ataandika kwamba saa fulani hadi saa fulani klorini ilikuwa na mtu mmoja na hakuna aliyekufa. Halafu mwezi ujao atatuonyesha alichoandika."

"Mama, hiyo ni hesabu ya kesho. Mimi naongelea saa kumi ya leo."

"Na mimi naongelea mtu atakayebaki hapa peke yake. Akianguka, utaniambia nini? Kwamba tulikuwa foleni tunapigania asibaki peke yake?"

Fundi wa pampu anakata simu bila kuaga. Bi Harusi, ambaye amesikia upande mmoja wa mazungumzo na kuubashiri wa pili, anafuta barakoa yake kwa kitambaa.

"Kwa hiyo hatuendi," anasema.

"Kwa hiyo bado tunafikiri."

Walifikiri hadi saa sita. Saa sita na dakika chache, pikipiki ilisimama getini. Aliyeshuka alikuwa Bwana Risiti.

Bwana Risiti ni mtumishi wa klorini kama wao, zamu nyingine. Alijitoa chamani miaka minne iliyopita, baada ya makao makuu ya chama kununua fulana na viti vya plastiki kwa bei iliyomshangaza. Alisimama mkutanoni akaomba risiti. Hakupewa. Aliomba mkutano uliofuata, na uliofuata tena, mpaka watu wakawa wanaguna akiinua mkono. Jina lilianza kama dhihaka. Siku hizi analiitikia.

"Alikuwa na haki," anasema Mama Geji sasa. "Risiti hazikuwepo. Sisi tukampa jina."

Mlinzi wa getini aliisoma amri ya meneja mara mbili. Iliwakataza wanachama. Bwana Risiti si mwanachama. Mlinzi alifungua geti.

Alipofika chumba cha klorini, hakukuwa na salamu ndefu.

"Nimekuja kukaa," alisema.

Mama Geji alimtazama. "Umeshapiga kura?"

"Mimi kura yangu ni kutokwenda. Sheria imeniwekea urahisi. Kutokwenda nikiwa nyumbani na kutokwenda nikiwa hapa ni kitu kimoja. Haya, mtoe mtu."

"Unatusaidia tushinde?"

"Sisaidii chama, Mama. Chama chenu sikitaki, na mkishinda bado nitakidai risiti. Ila mtu akitaka kupiga kura yake, apige. Na mlango hauachwi bila mtu. Mimi ndiye niliyemvuta mzee wako pale, usisahau."

Hakuwa amesahau.

Kwa kuwa msaidizi alikuwa mmoja, wangeweza kutoka mmoja mmoja tu. Usafiri ulikuwa pikipiki ya Bwana Risiti, na kati ya watu sita, wawili tu waliweza kuendesha pikipiki: fundi wa pampu na mmoja wa mafundi wa vichujio. Mama Geji hajui kuendesha hata baiskeli. Uchaguzi haukuchukua muda. Fundi wa pampu alitangulia, huku Bwana Risiti akikaa kwenye nafasi yake karibu na pampu. Aliporudi, mwenzake wa vichujio alipokea pikipiki bila injini kuzimwa. Alipiga kura na kurudi karibu na saa kumi.

Wanne hawakwenda: Mama Geji, Bi Harusi, mtu wa pili wa pampu na mtu wa pili wa vichujio. Kwa mujibu wa sheria, katibu wa tawi alihesabiwa kuwa amelikataa tawi lake.

Matokeo yalibandikwa makao makuu asubuhi iliyofuata. Ndiyo, 91. Hapana, 22. Ambao hawakupiga kura, 73, wakajumlishwa na waliokataa. Zilipungua kura tatu. Waliobaki mtamboni walikuwa wanne.

Hesabu hiyo haikuhitaji mtu wa kuieleza. Ilifika mtamboni kabla ya Mama Geji kufika. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mmoja wa wasoma mita, ambaye alikuwa amepanga foleni tangu saa moja, alisema kwa sauti ili asikike: "Wengine tumesimama juani, wengine wamekaa kwenye feni wanalinda kanuni. Haya, kanuni iko wapi sasa?"

Fundi wa pampu alikuwepo. Ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kusema, na hakusema.

Mama Geji alifunga kabati lake. "Iko ilipokuwa," alisema, na akatoka.

Nyumbani hakuwa na uhakika huo. Kwa siku kadhaa, anasema mume wake, alikuwa anaanza sentensi na kuziacha katikati. Alipokuja kuzungumza juu ya kura hiyo, hakuzungumzia simu ya fundi wa pampu. Alizungumzia geti.

"Amri ya meneja ilikataza wanachama," anasema. "Niliisoma siku nne kabla. Kwenye idara wako watu karibu arobaini wasio wanachama. Wengine wamefanya kazi mtamboni, wanaijua kila vali. Ningewaomba watatu au wanne tu waje kukaa, sote sita tungekwenda. Haikunijia kichwani hata mara moja. Nilishazoea kuwahesabu upande wa pili. Huyu mmoja alikuja bila kuombwa, ndipo nikaona geti lilikuwa wazi muda wote."

Anagonga meza kwa ukucha, kama meza nayo ina sindano.

"Sheria ilisema asiyekuja amekataa. Sisi tulikuwa tunasema hivyo hivyo kabla yake."

Mwezi ulipoanza, ratiba mpya ya zamu ilitoka. Pampu na vichujio vilibaki na watu wawiliwawili. Klorini ilipewa mtu mmoja kwa kila zamu. Bi Harusi alihamishiwa kusoma mita. Meneja alieleza kwamba mitambo mingine ina mtu mmoja na kengele ya gesi, kwamba kengele imekwishawekwa, na kwamba idara ina upungufu wa wasoma mita. Yote matatu yalikuwa kweli.

Mume wa Mama Geji aliposikia habari za kengele, aliuliza swali moja kwa mnong'ono wake: "Ikilia, inakuja kumvuta?"

Jumatano ya wiki ya pili, zamu ya asubuhi ilikuwa ya Bwana Risiti. Mama Geji alikuwa nyumbani, siku yake ya mapumziko, anashona pindo la sketi ya shule ya binti yake. Simu ililia saa nne kasorobo.

"Mama, mtungi umeisha," alisema Bwana Risiti. "Meneja nampigia, hapatikani. Pampu na vichujio hawawezi kutoka, wanaosha kichujio cha tatu."

"Vali ya kutokea maji?"

"Nimeshaifunga. Nitapelekaje maji bila dawa? Tangi la chini lina akiba ya kama saa mbili. Una nafasi?"

Mume wake, aliyekaa dirishani, alikuwa amesikia. Alimwonyesha mkewe kwa kidevu viatu vilivyokuwa karibu na mlango.

"Nenda," alinong'ona. "Yeye alikuja."

"Alikuja," alisema Mama Geji akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Lakini siku ile ratiba ilikuwa na watu wawili, akashika nafasi ya mmoja. Leo nikienda, nitakuwa nimeziba tundu ambalo meneja anasema halipo. Na kesho nitaziba tena. Halafu kesho kutwa ataziba Bi Harusi, na kwenye ratiba itaonekana mtu mmoja anatosha."

"Na yeye je, wakati unahesabu hayo?"

Alichofanya Mama Geji baada ya hapo ndicho anachoulizwa zaidi na wenzake, na si wote wanaokikubali. Aliondoa kiganja kwenye simu.

"Sikiliza, ndugu yangu. Siji."

Upande wa pili feni ilisikika ikizunguka.

"Siji, na wewe hugusi mtungi. Toka kabisa humo chumbani, ukae nje. Mji ukikauka, ukauke. Mwenye mtambo atakuja. Mimi namtafuta."

"Mama, mimi siku ile nilikuja."

"Najua. Ndiyo maana sitaki uguse."

Bwana Risiti alipumua kwa nguvu. "Mkiwa na chama hamji," alisema. "Mkiwa hamna chama hamji. Haya, nakaa nje."

Mama Geji alimpigia meneja mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Karani wa ofisi alimwambia meneja yuko kwenye kikao cha kamati ya maji ya Baraza la Jimbo, anatoa taarifa ya robo mwaka. Mama Geji alimjua mjumbe mmoja wa kamati hiyo. Alimpigia shemeji yake. Hakukuwa na utani.

"Uko kikaoni?"

"Niko. Naongea kwa kuiba. Kuna nini, kaka mzima?"

"Kaka yako mzima. Huyo bwana anayesimama mbele yenu, mwulize mtungi wa klorini ukiisha sasa hivi, nani anabadilisha. Kisha mwulize yuko na nani."

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mjumbe aliomba nafasi na kuyauliza maswali yote mawili. Meneja alijibu la kwanza: mtumishi wa zamu. Mjumbe akarudia la pili: yuko na nani? Meneja alijibu kwamba mtumishi huyo yuko peke yake, lakini kuna kengele. Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama mtungi umeisha kweli. Meneja aliwasha simu yake. Kumbukumbu zinasema aliomba ruhusa ya kuondoka.

Alifika mtamboni akiwa na suti ya kikao. Wakati huo maji yalikuwa yamekwisha kwenye mitaa ya juu ya mji, na hospitali ya jimbo ilikuwa imeanza kutumia matangi yake. Bwana Risiti alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mita kadhaa kutoka mlangoni, barakoa shingoni.

Wote wawili wanasimulia jambo lile lile juu ya kilichofuata. Meneja alisema, "Badilisha basi, nimefika." Bwana Risiti alisimama, akachukua barakoa ya pili ukutani, akampa.

"Nani anashika mlango?" aliuliza.

Meneja aliitazama barakoa. Aliivaa, na kamba zikamsumbua, kwa hiyo Bwana Risiti akamfunga kwa nyuma kama anavyofungwa mtoto. Kisha meneja alisimama nje ya kizingiti, mkono kwenye swichi ya feni, na mtungi ukabadilishwa. Kitambaa cha amonia hakikutoa moshi. Vali ya kutokea ilifunguliwa saa saba na nusu.

Bwana Risiti alimpigia Mama Geji jioni. Alimweleza yote.

"Ungekuja, tungemaliza kwa dakika ishirini," alisema.

"Ndiyo."

"Na asingekuja yeye."

"Ndiyo."

"Bado nimekasirika, Mama."

"Kasirika. Una haki."

Sheria inaruhusu ombi jipya la kura baada ya miezi kumi na miwili. Mama Geji ameanza kuzunguka. Kwa kuwa ada haikatwi tena kwenye mshahara, viongozi wa tawi hawana ofisi wala simu ya ofisi. Anakwenda kwa miguu siku zake za mapumziko, kwenye mitaro, kwenye ghala la mabomba, kwenye vyumba vya wasoma mita. Anaanza na wasio wanachama. Anasema hawaombi wajiunge. Anawauliza kwa nini walitoka, na anakaa kusikiliza mpaka wamalize. Baadhi wanamaliza haraka. Fundi mmoja wa mabomba alimweka kwa muda wa saa nzima na kumwaga hasira za miaka tisa, kisha akamwuliza kama atakunywa chai.

"Nilikunywa," anasema. "Hakuniahidi kitu."

Mjumbe wa baraza amepeleka hoja kwamba watumishi walio zamuni wasihesabiwe kuwa wamekataa. Hoja haijapangiwa siku. Alipoulizwa na shemeji yake kama ana kura za kutosha, alijibu kwamba bado anahesabu, na kwamba wengi wa anaowahitaji hawahudhurii vikao.

Ijumaa ya wiki ile ile, siku mbili baada ya mtungi kuisha, ratiba ya zamu ilibandikwa upya kwenye ubao wa mtambo. Kwenye mstari wa klorini kulikuwa na majina mawili kwa kila zamu. Jina la Bi Harusi lilikuwa limerudi. Pembeni, kwa mkono, paliandikwa: kwa muda. Hapakuwa na sahihi.

Mama Geji aliisoma akiwa amesimama, mkoba begani. Meneja alikuwa anapita kuelekea ofisini kwake.

"Shikamoo, bosi," alisema Bi Harusi kwa furaha isiyofichika.

"Marahaba."

"Bosi," alisema Mama Geji, "hii kwa muda ni kwa muda gani?"

"Mpaka itakapoamuliwa vinginevyo."

"Na nani?"

Meneja aliitazama ratiba kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza. Aliingia ofisini kwake.